Nilimchukia Skyler White mara ya kwanza, nikamlilia mara ya pili: ni nani aliyebadilika?

Msomaji wa Nyuso ameuliza:

Wapenzi wenzangu wa tamthilia, naomba niwashirikishe jambo ambalo limeninyima utulivu kwa majuma matatu sasa. Nimemaliza kuitazama Breaking Bad kwa mara ya pili, sehemu zote 62 za misimu mitano, na sikuiona tena tamthilia ile niliyoitazama zamani. Nitataja mambo ya mwisho wake, hivyo ambaye bado hajafika huko namwomba aishie hapa.

Mara ya kwanza nilikuwa upande wa Walter White bila hata kujiuliza. Ni mwalimu wa kemia aliyetimiza miaka 50, ambaye jioni huosha magari ili kuongeza kipato, mpaka siku moja anajikuta amepiga magoti akisugua gurudumu la gari la mwanafunzi wake mwenyewe, na muda mfupi baadaye anaambiwa kwamba ana saratani ya mapafu isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Nani angemnyima huruma mtu huyo? Alipoanza kupika dawa za kulevya nilijiambia kwamba anaiwekea familia yake akiba, na kila aliyesimama njiani mwake nilimhesabu kuwa adui, mkewe Skyler akiwa wa kwanza. Nilikereka alipouliza mumewe alikuwa wapi. Nilikereka alipotaka kujua habari za simu ya pili. Na katika msimu wa tatu, alipomtazama mumewe usoni na kumwambia kwamba amelala na Ted, bosi wake, nilizima televisheni kwa hasira.

Mara hii ya pili macho yangu yalikataa kumfuata Walter, na yalianza kukataa mapema sana, kwenye kifungua kinywa cha sehemu ya kwanza. Skyler anapanga vipande vya bekoni ya mboga juu ya mayai ili viunde namba 50, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa ya mumewe. Zamani niliona mke anayemlazimisha mtu mzima kula asichokipenda. Sasa niliona mama mjamzito, mwenye fedha za kubana, anayetaka mumewe aishi miaka mingi. Katika sehemu ya msimu wa tano inayoitwa "Fifty-One", mikono ileile inapanga namba 51, lakini haina furaha tena, kwa sababu aliyeketi mezani ni mtu ambaye Skyler anamwogopa. Jioni ya siku hiyo anaingia kwenye bwawa la kuogelea na nguo zake mwilini, mbele ya dada yake na shemeji yake, na baadaye, wawili wakiwa chumbani, anamwambia mumewe kwamba lililobaki kwake ni kusubiri. Anapoulizwa anasubiri nini, anajibu kwamba anasubiri saratani irudi.

Mwaka 2012, sehemu hiyo iliporushwa, nilisema huyu ni mwanamke mkatili. Safari hii nililia, nikakumbuka kwamba msimu huohuo ulifunguliwa kwa Walter aliyefuga ndevu, ameketi peke yake mgahawani, akijivunjia bekoni kwa vidole vyake ili ziunde 52, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumpangia.

Swali langu ni hili: je, ni mimi niliyebadilika kwa miaka iliyopita, au tamthilia ilinifumba macho kwa makusudi? Na ninyi mliowahi kumgeuka mhusika mliyempenda, moyo wenu uligeukia katika sehemu gani hasa?

Jicho la Pembeni amejibu:

Ndugu Msomaji wa Nyuso, nadhani ulifumbwa macho, na waliokufumba waliifahamu vyema kazi yao. Mtazamaji huwa upande wa yule anayemjulia siri. Siri ya Walter tumeijua tangu saa ya kwanza, ilhali Skyler hakuambiwa lolote, kwa hiyo kila swali analouliza, hata liwe la haki kiasi gani, linatufikia kama kitisho, maana sisi tunalijua jibu na tunaogopa lisitoke. Hebu fikiria msimu wa pili, Walter anaporudi baada ya kutekwa na Tuco, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na kujifanya amepoteza kumbukumbu, hadi akavua nguo zote ndani ya duka kubwa ili aaminike. Sisi tulifurahia werevu wake. Aliyekuwa amezunguka akibandika picha za mume aliyepotea, kisha akakaa kando ya kitanda hospitalini akiwa na mimba kubwa, ni Skyler, na hofu yake hatukuipa nafasi hata kidogo.

Naomba uitazame tena sehemu ya mwisho ya msimu huo, "ABQ". Kabla ya upasuaji, Walter akiwa amelegezwa na dawa, Skyler anamuuliza kama amekuja na simu yake, naye anajibu kwa kuuliza: ipi? Neno hilo moja linamtosha mkewe. Anapiga simu huku na kule, na anagundua kwamba safari ya kwa mama mkwe haikufanyika, na kwamba wale marafiki matajiri waliosemwa kuwa wanalipia matibabu hawajalipa chochote. Huo ni upelelezi wa hali ya juu, uliofanywa na mtu mwenye kichanga mkononi, na ungefanywa na shemeji yake Hank, ambaye upelelezi ndiyo ajira yake, tungempigia makofi.

Anna Gunn, aliyemwigiza Skyler, aliandika makala katika gazeti la The New York Times mwezi Agosti 2013, wakati sehemu za mwisho zikirushwa, akieleza jinsi chuki dhidi ya mhusika ilivyovuka mipaka ikamfikia yeye mwenyewe. Alihitimisha kwamba chuki hiyo ilihusu zaidi mitazamo ya watu kuhusu wanawake na wake za watu kuliko ilivyomhusu Skyler. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Emmy kwa uhusika huo, na mwaka uliofuata akaipata tena. Kila niisomapo makala ile huona haya, kwa sababu nami nilikuwa miongoni mwa waliomtukana, ingawa niliishia kumtukana sebuleni kwangu.

Mfuatiliaji Mkongwe amejibu:

Ninakubaliana na Jicho la Pembeni kuhusu nguvu ya siri, lakini siwezi kukubali kwamba tulifumbwa macho. Tulionyeshwa kila kitu, na mapema. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu saba tu, kwa sababu mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007 hadi 2008 uliufupisha, na katika sehemu ya tano, "Gray Matter", Elliott, rafiki wa zamani wa Walter, anampa nafasi ya kazi na kisha anaahidi kubeba gharama zote za matibabu. Walter anakataa. Tangu pale, hoja ya kwamba anapika kwa ajili ya familia ilikuwa imekwisha kufa, nasi tukaendelea kuibeba maiti yake misimu minne zaidi. Katika sehemu ya mwisho, anapokiri mbele ya Skyler kwamba alifanya yote kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alipenda na alikuwa hodari, hafichui jambo jipya. Analitamka lile ambalo mkewe alilijua kitambo, na ambalo sisi tulikataa kulijua. Ndiyo maana uso wa Skyler katika onyesho lile hauna mshangao. Una kitu kama ahueni ya mtu aliyeacha kudanganywa.

Kuna jambo la pili, na hili nalisema kwa upendo. Unapomlilia Skyler, usimsafishe. Ni yeye aliyetafuta namna ya kulinunua lile eneo la kuoshea magari, akazitakatisha fedha za mumewe kwa ustadi wa mhasibu, na katika sehemu iitwayo "Rabid Dog", Jesse Pinkman, mwenzake Walter katika kupika dawa, alipokuwa hatari kwao, ni yeye aliyemsukuma Walter amwondoe, akisema kwamba wamekwisha kufika mbali mno, mtu mmoja zaidi ana uzito gani. Niliposikia maneno hayo nilisimama. Walter mwenyewe, siku hiyo, alikuwa mpole kuliko mkewe. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wa uigizaji wa Anna Gunn ulipo, kwa sababu hakuomba huruma yetu, na mhusika aliyeharibiwa na mwenzake aliruhusiwa kuharibika kwelikweli.

Binti wa Tamthilia amejibu:

Kaka zangu mmesema vizuri. Mimi nitajibu lile swali la mwisho, la sehemu ambayo moyo uligeuka. Kwangu ni "Phoenix", ya 2009, usiku wa kifo cha Jane, mpenzi wa Jesse.

Watu hukumbuka zaidi lile tendo lenyewe, lakini kilichonivunja ni mpangilio wake. Kabla ya hapo Walter ameketi baa na mzee asiyemfahamu, wanazungumza juu ya uzito wa kuwa mzazi, na yule mzee anamwambia kwamba familia haikatiwi tamaa. Mzee huyo ni baba yake Jane, na wote wawili hawajui kinachowaunganisha. Kwa kuyatii maneno hayo, Walter anarudi nyumbani kwa Jesse kujaribu kuzungumza naye tena. Anamtikisa Jesse aliyelala fofofo kwa dawa, na kwa mtikiso huo Jane anageuka chali, anatapika, anaanza kusongwa. Walter anakimbilia upande wake, kisha anasita. Bryan Cranston, anayemwigiza Walter, hana hata sentensi moja ya kumsaidia pale. Ana mkono mdomoni na macho yaliyojaa machozi, na ndani ya nusu dakika unamwona mtu akipiga hesabu na kupata jibu.

Ninalopaswa kukiri ni kwamba, kabla sijashtuka, nilipumua kwa nafuu. Jane alikuwa amemtisha Walter ili atoe fungu la Jesse la fedha za dawa, nami nilikuwa nimetamani aondoke. Wakati huo nilikuwa nikiitazama kila juma, kwa hiyo nilikaa na pumzi ile siku saba nzima kabla ya sehemu iliyofuata. Ninaamini kwamba anayetazama sehemu nne au tano kwa mfululizo hapewi adhabu hiyo, kwa kuwa kabla hajajihoji, ajali ya ndege inayofunga msimu imekwisha kutokea na ameshasahau.

Ndiyo sababu huitetea "Fly" ya msimu wa tatu, ambayo wengi huiona ya kuchosha. Ni kweli kwamba ilitengenezwa kwa kubana matumizi, na karibu muda wote ni watu wawili na nzi mmoja ndani ya maabara. Lakini ndimo Walter, akiwa amelemewa na usingizi, anapomwambia Jesse kwamba ameishi kupita kiasi, na kwamba laiti angekufa usiku ule aliokuwa nyumbani, kabla hajatoka kwenda kwake, akimsikia Skyler kwenye kile chombo cha kusikilizia watoto akimwimbia Holly, binti yao mchanga, ili alale. Anamwomba Jesse radhi kwa ajili ya Jane, bila kumwambia kwa nini anaomba radhi. Nilipoirudia niligundua kwamba katika saa yake bora kabisa, mtu huyu alitamani kuwa karibu na sauti ya mwanamke ambaye mimi nilitamani anyamaze.

Mgeni wa Msimu wa Tano amejibu:

Naomba kuuliza kwa ufupi, kwa kuwa nimemaliza kuitazama juzi tu. Katika "Ozymandias", Walter anapompigia Skyler simu na kumporomoshea matusi, je, yalikuwa maigizo ya kuwadanganya polisi waliokuwa wakisikiliza, ili mkewe asishtakiwe, au yalikuwa yanatoka moyoni?

Msomaji wa Nyuso amejibu:

Nawashukuru nyote. Mfuatiliaji Mkongwe, kuhusu "Rabid Dog" umenishinda. Nilikuwa nimelipita onyesho lile haraka, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kumpenda Skyler na sikutaka kuusikia ushahidi dhidi yake, yaani nilimfanyia yeye kosa lilelile nililokuwa nimemfanyia Walter. Nitairudia usiku wa leo.

Mgeni wa Msimu wa Tano, naona ni yote mawili. Ni maigizo, kwa sababu Walter analia huku sauti yake ikibaki ya ukali, na saa chache nyuma ameyaona mambo mawili yasiyovumilika: mwanawe wa kiume akimkinga mama yake dhidi yake na kuwaita polisi, kisha Holly, katika choo cha umma baada ya kubadilishwa nepi, akimwita mama aliyenyang'anywa. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kumrudisha mtoto na kumwachia Skyler njia ya kujinasua. Lakini maneno yenyewe hakuyatunga papo hapo. Anamwambia kwamba hana shukrani kwa lolote alilofanyiwa, kwamba kazi yake ni kulalamika, kwamba hawezi kufuata hata jambo moja analoambiwa. Skyler anasikiliza, na katikati ya simu anatambua mumewe anafanya nini, anaanza kujibu kama anayeogopa, anasema kwamba anaomba radhi.

Mara ya kwanza nilidhani nimeyasikia maneno hayo mahali fulani, nisikumbuke wapi. Mara ya pili nilikumbuka. Ni yale niliyomwambia mimi katika msimu wa tatu, nikiwa nimesimama mbele ya televisheni niliyokwisha kuizima.