Sherlock Holmes ya 2009 na ya 2011: tulioipenda ya kwanza, ya pili inatutosha?

Kibanda cha Chuno (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wale mlioziona zote mbili. Mada hii inafichua kila kitu, ambaye hajaziona asisome.

Jumamosi iliyopita niliweka Sherlock Holmes ya 2009, ile muvi ya mpelelezi wa London, kwenye kibanda changu cha video hapa Chuno, Mtwara. Siku isiyo na mpira huwa naweka za mapigano, watu wanaingia, wanatoka. Siku ile hakutoka mtu. Adui, Lord Blackwood, kanyongwa, Watson mwenyewe, daktari rafiki yake Sherlock, kampima mapigo kasema amekufa, halafu kaburi linakutwa limepasuliwa kutokea ndani. Mama muuza mihogo aliyekuwa amesimama mlangoni aliingia akakaa chini, sinia mapajani, mihogo ikapoa. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo wamemchukua msukule." Mwishoni Sherlock akaanza kufumua moja baada ya jingine: kamba iliyofungwa ndoano ili isimbane shingo, dawa ya kuzimisha mapigo ya moyo, mawe ya kaburi yaliyovunjwa mapema na kugandishwa kwa gundi dhaifu. Kimya kilikuwa kama cha msikitini.

Sasa kila nikipita naulizwa, ya pili lini? Nimeitazama A Game of Shadows ya 2011 mara mbili peke yangu na bado sijaamua. Ni nzuri, ila si ile. Adui anajulikana tangu mwanzo, Profesa Moriarty. Hakuna kaburi wala maiti inayotembea. Watu wanalipa mia tano yao kwa kuniamini, sitaki waondoke wamenuna. Nina Jumamosi moja kabla ligi haijarudi. Niweke ya pili, nirudie ya kwanza kwa waliokosa, au nitafute ya upelelezi nyingine kabisa?

Mtoto wa Ligula

Ya pili, usijiulize. Kuna treni, kuna kiwanda cha silaha Ujerumani, kuna ile mbio ya msituni mizinga inawafukuza, magome ya miti yanapasuka polepole unaona kila kibanzi. Ile sehemu pekee inatosha kiingilio.

Bint Mikindani

Kaka wa Chuno, mimi ningerudia ya kwanza, na nakwambia kwa nini.

Kilichowakalisha watu wako ni hofu wanayoijua. Sisi huku tumekua tunasikia za misukule, za mtu aliyezikwa akaonekana mnadani. Blackwood anaitumia hofu hiyohiyo kutawala watu, na Sherlock anaivua nguo mbele yao. Hicho ndicho Muhammed Said Abdulla alichokifanya na mpelelezi wake Bwana Msa mwaka 1960 katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa na kiko chake anatafuta mtu. Nilikisoma nikiwa sekondari, nakala ambayo jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia, na nilisoma usiku nikiogopa kwenda uani. Nilipofika mwisho hofu yote ilikuwa imeondoka, nikatoka na ndoo yangu gizani kuchota maji bila taa. Raha ya upelelezi kwangu ni hiyo.

Ya pili haikupi hofu ya namna hiyo, kwa hiyo haina cha kukuondolea. Swali si tena nani kafanya na kafanyaje. Unabaki kuangalia wakubwa wawili wakiviziana.

Halafu Irene Adler. Mwanamke pekee aliyewahi kumzidi akili Sherlock, kwenye ya kwanza anamlewesha na kumfunga kitandani, sote tukampenda. Ya pili haijachanganya, wamemuua kwa chai yenye sumu. Hata maiti yake hatuoneshwi. Bado inaniuma.

Korosho Ghafi

Bint Mikindani nakuheshimu, ila umepima upelelezi ukasahau wapelelezi. Mimi nilichokifuata kwenye ya pili ni Sherlock na Watson, na hapo ya pili inaiacha ya kwanza mbali.

Tazama mambo yanavyoungana. Watson anaoa, anapanda treni na mkewe Mary kwenda fungate. Sherlock anajua Moriarty kapanga kuwaua, anaingia mle ndani amejipaka rangi na kuvaa kama mwanamke, anamsukuma Mary nje treni ikiwa darajani. Mary anaangukia mtoni, ambako kaka yake Sherlock, Mycroft, anamsubiri na boti. Watson anataka kumkaba rafiki yake kwa mikono miwili huku risasi zinapita juu ya vichwa vyao.

Baadaye, baada ya kile kiwanda na msitu, moyo wa Sherlock unasimama. Watson anampiga kifua, anambembeleza, anamtukana. Kisha anakumbuka zawadi ya harusi aliyopewa na Sherlock mwenyewe, ile sindano ya kuamsha moyo. Anamchoma nayo. Nilikuwa na rafiki yangu tangu darasa la tatu pale Nanguruwe, tuligombana miaka miwili hatusemeshani. Nilipoitazama ile sehemu, kesho yake nilimpigia simu.

Weka ya pili mkuu. Waliokuja na rafiki zao wataielewa.

Mwalimu Mstaafu, Newala

Wanangu, salaam. Nimefundisha historia miaka mingi, mnivumilie nikirefusha.

Kwanza, mjue hiyo ya pili imetoka wapi. Arthur Conan Doyle alianza kumwandika Sherlock mwaka 1887. Kufika 1893 alikuwa amemchoka, anataka kuandika vitabu vingine, akaamua kumuua. Lakini huwezi kumuua mtu kama yule kwa mkono wa jambazi wa kawaida, kwa hiyo akamtunga Moriarty, mtu wa kulingana naye akili, akawatumbukiza wote wawili kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi. Wasomaji walikasirika mno, wakamsumbua mwandishi miaka mingi, mpaka mwaka 1903 akamrudisha Sherlock hai. Kwa hiyo hata katika kitabu hadithi ya Moriarty haikuwa fumbo la nani kaua. Tangu mwanzo ilikuwa hadithi ya kumuaga shujaa. Ukiitazama muvi ya pili unasubiri kaburi lipasuke, utaiona imepungua. Itazame kama maziko.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Moriarty katika muvi hiyo anataka nini? Kanunua viwanda vya bunduki, kanunua na vya dawa na bandeji, sasa anatafuta vita ya dunia nzima ili auze vyote viwili. Mambo hayo yamewekwa mwaka 1891. Sherlock anaizuia, na Moriarty anamjibu kwamba vita itakuja tu, yeye ni kungoja. Kijana wa London anaweza kuyachukulia kama maneno ya muvi. Sisi tunajua vita ile ilikuja mwaka 1914, na ikatufikia. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, hapo mkoani Lindi, siku nne, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nani aliyewabebea mizigo? Babu zetu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa akiwa kijana, alirudi na kovu la kamba begani ambalo mimi mwenyewe nililigusa kwa kidole nikiwa mtoto.

Mwanangu wa Chuno, sisemi uwasomeshe historia watu waliolipa kiingilio. Ila ile ya kwanza ni ya London na watu wake. Ya pili ina sehemu inayotuhusu.

Mtoto wa Ligula

Shikamoo mwalimu. Sikuwahi kuiwaza hivyo. Mahiwa nimepita mara ngapi sijui.

Fundi Flashi, Masasi

Mimi naweka muvi kwenye flashi kila siku, nimeziona hizi hadi basi. Nataka kumjibu Bint Mikindani kwenye hili la "hakuna fumbo". Lipo, tena limejificha vizuri kuliko yote ya kwanza.

Sherlock anakwenda ofisini kwa Moriarty chuoni. Wanazungumza kiungwana. Kwenye rafu kuna kitabu cha kutunza maua ya nyumbani, na dirishani kuna maua yamenyauka hayajaangaliwa. Kamera inapita haraka. Saa moja na zaidi baadaye, kwenye roshani Uswisi, wakicheza drafti ile ya wazungu, ndipo Sherlock anamwambia: mtu asiyejali maua yake ana haja gani na kitabu cha maua? Kitabu kile ndicho ufunguo wa maandishi ya siri kwenye daftari lake jekundu. Na daftari lenyewe Sherlock alishalibadilisha. Wakati Moriarty anasogeza kete, Mary yuko London na Inspekta Lestrade wanaisoma kila hesabu na kumkausha fedha zote. Mke aliyetupwa mtoni ndiye anayemmaliza profesa.

Na kile kifaa kidogo cha kuvutia hewa tulichokiona kwa Mycroft. Kikumbukeni mwishoni.

Tatizo ni nakala. Mkuu wa Chuno, kama unayo iliyotafsiriwa, iangalie kwanza. Niliwahi kununua moja kutoka duka fulani, mtafsiri anaongea juu ya mazungumzo ya ofisini, anasema "hapa wanasalimiana tu", maua hayatajwi. Mtazamaji anafika roshani hana kitu mkononi. Nilimrudishia mwenye duka, nikakaa usiku mmoja naandika mwenyewe maelezo ya Kiswahili ya sehemu zile mbili. Wateja wangu wengi waliosema ya pili haieleweki walikuwa wameona nakala ile.

Bint Mikindani

Fundi, hapo umenishika. Maua sikuyaona. Nimerudi usiku huu kuitazama na kweli yapo.

Lakini bado nina neno. Kwenye ya kwanza, fumbo liko katikati ya chumba na kila mtu analishangaa. Hapa fumbo limewekwa kwenye kona ambako mtu hajui kama aangalie. Fumbo ambalo hukujua lipo hulitafuti, na raha ya kutafuta ndiyo niliyoikosa. Kwa shabiki anayerudia mara tatu ni zawadi. Kwa mama wa mihogo anayeiona mara moja, sijui.

Ya Irene sijasamehe.

Nangurukuru Njia Panda

Ya kwanza dakika 128, ya pili dakika 129. Zote mbili kwa pamoja ni masaa manne na robo hivi. Weka ya kwanza baada ya alasiri kwa waliokosa, ya pili baada ya isha. Kwa nini uchague?

Korosho Ghafi

Huyu kamaliza. Ila usizime mapema. Chonde chonde, acha iende mpaka mashine ya kuandikia.

Kibanda cha Chuno (mleta uzi)

Wakuu nimerudi. Nimefuata ya Nangurukuru, na Fundi Flashi alinitumia nakala yake kwa dereva wa Masasi. Mungu akubariki kaka.

Alasiri walikuja wachache, watoto zaidi. Baada ya isha pakajaa hadi nikatoa benchi la nyumbani. Bint Mikindani ulisema kweli, nusu saa ya kwanza watu walikuwa wanaulizana, "maiti iko wapi?" Wawili wakatoka. Ikabidi nisimame mbele niseme maneno machache: leo adui mnamjua, mwangalieni alivyo na akili, na mwangalie dirisha lake. Nikaketi. Ilipofika ofisini, kijana mmoja akasema, "Maua yamekufa." Basi. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa anatafuta kitu kwenye kona. Naona ndilo jibu langu kwa wenye vibanda: ya pili usiiweke kimyakimya, wape neno moja la kushika.

Kwenye treni walicheka mpaka nikaogopa majirani. Msituni, kama alivyosema wa Ligula, hakuna aliyepumua. Moriarty aliposema vita itakuja tu, nilimtazama yule mzee wa msukule. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, hakusema neno. Mwalimu, nilikukumbuka.

Kwenye roshani wote wawili wanaupigana ugomvi kichwani kabla haujaanza, na Sherlock, kwa lile bega alilotobolewa kwa ndoano kiwandani, anaona atashindwa. Anamkumbatia Moriarty, wanaanguka wote kwenye maji. Vijana wakasimama. "Stelingi kafa?" Mmoja akadai kurudishiwa mia tano, stelingi hafi. Nikafunga mlango nikawaomba wakae.

Watson yuko nyumbani anaandika kwa mashine, anaandika neno la mwisho. Kinaletwa kile kifaa cha Mycroft. Watson anatoka mbio kuuliza kimeletwa na nani. Kiti kinajisogeza. Sherlock yumo, kavaa nguo za rangi ya kiti kilekile, anainuka anabonyeza kitufe kimoja, anaongeza alama ya kuuliza.

Kelele zile sijawahi kuzisikia hata siku ya goli. Mama wa mihogo peke yake alikuwa hajamwona. Akaniambia, mwanangu, nirudishie. Nikarudisha. Hakumwona. Nikarudisha tena, nikasogea hadi kwenye kioo nikamwekea kidole pale kwenye kiti, kabla mtu hajainuka, akasogeza uso karibu na mkono wangu mpaka akayaona macho.