Naomba ushauri: melanini inameza mwanga kabla haujafika kwenye mishipa

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu kupima mishipa midogo ya damu chini ya ngozi kwa mwanga na sauti: leza inapiga, himoglobini (kinachoipa damu wekundu) inapata joto na kutanuka ghafla, nasi tunanasa sauti yake.

Leza ni ya urefu wa wimbi nm 532 (mwanga wa kijani), mapigo ya nanosekunde chache, kipokea sauti MHz 50. Kwenye ngozi nyeupe mishipa inatoka safi. Kwenye ngozi nyeusi, melanini (rangi asili ya ngozi) ya tabaka la juu inakula sehemu kubwa ya mwanga, inatoa mlio mkali, na mwangwi wake unafunika kila kilicho chini. Kuongeza nguvu sitaki. Kikomo cha usalama kwa mwanga unaoonekana ni mJ 20 kwa sentimita ya mraba kwa pigo, na ngozi nyeusi ndiyo inayopata joto zaidi.

Jeli kati ya ngozi na kipokea sauti haina viputo. Kina nimekihesabu kwa safari moja, kwa kuwa sauti inatoka kwenye mshipa kuja juu tu, yaani mm 1 ni kama mikrosekunde 0.65 (programu ya ultrasaundi ya kawaida huhesabu kwenda na kurudi, hivyo hugawa kwa mbili, picha ikabanwa nusu).

Je, nihamie nm 1064? Huko melanini humeza mwanga kidogo zaidi na kikomo hufika mJ 100 kwa sentimita ya mraba, lakini himoglobini nayo humeza kidogo sana. Au niingize mwanga kwa pembeni, nje ya eneo linalosikilizwa? Aliyewahi kusahihisha kipimo cha oksijeni ya damu kinachotumia mwanga kulingana na rangi ya ngozi anieleze hatua zake. Kifaa kisichosoma ngozi nyeusi hakitawafaa wagonjwa wetu.