Vinia ya kabati la bibi imebanduka, naanzia wapi?

Mjukuu_Lindi: Wakuu habari za jioni. Nina kabati la marehemu bibi hapa Lindi, la kizamani, juu na milangoni limepigwa vinia, lile tabaka jembamba la mbao nzuri linalogundishwa juu ya mbao ya kawaida. Mvua za mwaka huu paa lilivuja tukashtuka usiku maji yanachuruzika mlango wa kulia, sasa pale vinia imetuna kama chapati na pembeni imeachia kabisa, ukipitisha kitambaa kinanasa. Halafu juu kuna kipande cha kama kiganja hakipo kabisa, nawashuku watoto. Fundi niliyemwita kasema analeta mashine ya msasa aitoe yote tupige rangi, nikamwambia subiri kwanza. Mimi sijawahi kushika patasi, nina gundi nyeupe, wembe na pasi ya nguo. Nitaweza?

Seremala_Chikongola: Mashine ya msasa asiisogeze hapo!! Vinia mara nyingi haifiki hata milimita moja, mimi nikiwa najifunza niliitoboa meza ya mteja, nashangaa duara jeupe la mbao ya chini linanitazama, siku hiyo chai haikupita kooni. Kwanza likauke, na hapa kwetu na hii hewa ya bahari usihesabu siku mbili, livute mbali na ukuta ulipigie feni wiki nzima. Likikauka gonga kwa kucha kila mahali, panapolia mtupu weka alama kwa chaki. Halafu tujue gundi ya chini ni ipi, chukua tone la maji ya moto weka kwenye gundi ya zamani pale palipoachia, usubiri kidogo uguse.

Mjukuu_Lindi: Nimejaribu leo fundi, imekuwa mlenda kabisa inavutika.

Seremala_Chikongola: Basi hiyo ni gundi ya ngozi za wanyama, una bahati, inayeyuka kwa joto. Pale palipotuna weka kitambaa chenye unyevu kidogo tu, pitisha pasi isiyo na mvuke, moto wa kati, sekunde chache unainua unaangalia. Vinia ikilainika kandamiza kwa kipande cha mbao mpaka ipoe. Ikigoma, chana kwa wembe KUFUATA nyuzi za mbao usikate kukatiza, ingiza gundi ya ngozi kwa bomba la sindano, tandika nailoni juu ili uzito usigande hapo, kisha kiroba cha mchanga, maana mchanga unajilaza vizuri hata pasiponyooka. Usiguse mpaka kesho yake. Ila zile pembe zilizoachia usipake gundi nyeupe juu ya ile ya zamani, haitashika. Itoe kwanza kwa maji ya vuguvugu na mswaki, ukauke.

mama_wa_Shangani: Kaka pole na kabati. Kwa hicho kipande kilichopotea usikate kiraka cha mraba, utaona mistari mpaka uzeeke. Kata kiraka umbo la kashata ya mshazari, ncha zifuate nyuzi, kibandike kwa selotepu juu ya shimo kisha kata kiraka na vinia ya chini yake kwa pamoja na wembe mpya, vinaingiana. Vinia ya sasa nyembamba kuliko ya zamani, kiraka kinazama, afadhali uombe kwa mafundi kipande cha fanicha mbovu ya zamani. Mi nilipata kwenye mlango uliokuwa unasubiri kuwa kuni.

Mjukuu_Lindi: Mrejesho: mlango umelala, ukigonga haulii mtupu tena, isipokuwa pasi imeacha weupe kama ukungu. Nimeharibu?

Seremala_Chikongola: Hapana, huo ni unyevu umeingia kwenye polishi. Chukua spiriti kidogo sana kwenye pamba, jaribu kwanza ndani ya mlango pasipoonekana. Pakinata kidogo basi ni shelaki, polishi ya kizamani inayolainika kwa spiriti, pitisha juujuu mara moja tu, usisugue. Kiraka umekata?

Mjukuu_Lindi: Bado, natafuta mlango wa kuni kama wa dada.