Mjukuu wa miaka 9 yupo Kigoma likizo hii: Ujiji, meli ya Liemba, au nimpandishe treni hadi Tabora?

Bibi wa Mwanga

Wadau, hamjambo. Naomba mawazo yenu. Mume wangu mdogo (mjukuu, miaka 9) ameletwa na mjomba wake kwa treni kutoka Dar, yupo nasi hapa Mwanga, Kigoma mjini, wiki tatu za likizo ya mwezi wa sita. Mimi ni muuguzi mstaafu, babu yake alikuwa reli. Siku ya kwanza alikimbizana na kuku mpaka jogoo akapanda juu ya bati. Siku ya pili akaniuliza, "Bibi, hapa kuna nini?"

Nikamwambia kuna makumbusho. Akasema shule yao iliwahi kuwapeleka Makumbusho ya Taifa pale Dar wakaona fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai. "Na nyie mna fuvu?" Nikakosa jibu.

Sasa nyumba imegawanyika. Mimi nasema Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa kizungu. Babu yake hataki kusikia, kwake historia ya mji huu ni stesheni na meli, basi. Wifi yangu wa Tabora anapiga simu kila jioni akitaka tumpeleke kule akaone nyumba ya Kwihara, alikoishi huyo huyo Livingstone. Na jirani ananiambia Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, kana kwamba mimi ni mtalii.

Mjue pia kwamba goti langu la kulia halipendi kupanda, pensheni ni ile ile, na mtoto mwenyewe si wa kusimama kusoma maandishi ukutani. Ni wa mikono. Ameshafungua redio ya babu yake, na imebaki skrubu mbili hazina pa kwenda.

Mgebuka Mkavu

Shikamoo bibi. Ujiji, bila ubishi. Kutoka Mwanga unapanda daladala moja tu, mjini kwenda Ujiji hakuzidi kilomita 10, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni.

Ila nisikudanganye. Mle ndani mtoto anamaliza kwa dakika 20. Kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wamevua kofia wanasalimiana. Mwanangu alitaka kujua kwa nini wamevaa makoti kwenye joto lile. Nje kuna mnara wenye ramani ya Afrika, pale walipokutana 1871, na miembe. Usimwambie kuwa mwembe anaouona ndio wenyewe. Ule wa asili ulishakufa zamani, uliopo inasemekana ni uzao wake. Watoto wa siku hizi wakikukamata na uongo mmoja, hawakuamini tena wiki nzima.

Mwalimu wa Gungu

Marahaba kwa watakaonisalimia. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kosa nililolifanya miaka ya mwanzo ni kuwaeleza habari ya wazungu wawili waliosalimiana. Mtoto anasikiliza, anapiga miayo, anauliza soda.

Bibi, anza na Susi. Siku Stanley anaingia Ujiji, aliyetangulia mbio kumwambia Livingstone kuwa kuna mzungu anakuja ni Abdullah Susi, mtumishi wake. Kisha mwambie mtoto yaliyotokea baadaye. Livingstone alifariki 1873 kwa Chitambo, sehemu ambayo leo ni Zambia. Susi na mwenzake Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga vizuri, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Tangu Mei! Hapo mtoto wa miaka tisa anaacha kupiga miayo. Ataanza kuuliza walikula nini, walilala wapi, na harufu je. Kwenye harufu ndipo utakapomteka kabisa.

Jambo lingine. Ujiji haikuwa mahali pa kusubiria wazungu. Ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, pembe za ndovu na watu waliouzwa vikipita hapo hapo. Wapelelezi wa kizungu Burton na Speke walifika 1858 wakaukuta mji tayari una watu wake na soko lake. Habari ya utumwa usiifiche, lakini usiimwage yote kwa pamoja. Mweleze kadiri anavyouliza.

Fundi wa Zamani wa Reli

Nipo upande wa babu. Bibi, utanisamehe.

Makumbusho ni kitu kilichowekwa uangalie. Liemba ni kitu kilichofanya kazi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maboksi kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa Kigoma. Reli yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imefika, 1914! Ikaungwa tena hapa, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wanakimbia, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka injini grisi nene, maana walidhani watarudi. Hawakurudi. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mtoto aliyefungua redio ya babu yake huyo, unampelekaje kwenye sanamu?

Dada wa Kibirizi

Fundi, maneno yako matamu, lakini mtoto ataona nini hasa? Meli imekuwa kwenye matengenezo, na bandarini huingii tu kwa sababu una hadithi nzuri. Atabaki kuangalia chuma kwa mbali. Halafu pale na stesheni usitoe simu kupiga picha kabla hujaomba ruhusa.

Hiyo ya Gombe, bibi, mwambie jirani ahifadhi ushauri wake. Mimi boti za kwenda kule naziona kila siku zikitoka ufukweni kwetu. Mtoto wa miaka 9 hajafika umri unaoruhusiwa kufuatilia sokwe, na sababu yake ni ya maana. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe, sokwe wengine wakapooza mikono na miguu, wengine wakafa. Hata mafua yetu ya kawaida kwao ni hatari. Wewe muuguzi hili utamweleza vizuri kuliko mimi.

Ila Gombe unaweza kuileta nyumbani bure. Jane Goodall alifika kule Julai 1960, ana miaka 26, na mwaka huo huo akamwona sokwe anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, anavuta mchwa, anakula. Wataalamu wakati huo walishikilia kuwa kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Sasa tafuta kichuguu hapo Mwanga, mpe mtoto unyasi, mwambie avue mchwa watano. Nimefanya na wa dada yangu. Si rahisi! Unyasi mnene hauingii, mwembamba unakunjika, ukivuta haraka wanaachia. Alitumia asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza hakuulizia simu yangu.

Mnyamwezi Asilia

Nilijua tu watu wa Kigoma mtajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Bibi, wifi yako ana akili.

Ujiji walisalimiana. Kwihara waliishi. Ni kama kilomita sita hivi kutoka Tabora mjini. Walifika pamoja mapema 1872, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Ni kwenye tembe lile, nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa miezi yote hiyo. Nyumba iliyopo sasa imejengwa upya, nakiri, lakini ni tembe kweli, la udongo, na mlango wa nakshi. Mtoto anaingia chumbani, anatoka uani, anaelewa mtu aliishi vipi bila feni. Na wale kina Susi anaowasifia Mwalimu, wakiwa wamebeba maiti, walipita huko huko.

Halafu mji wenyewe. Hapa ndipo Mtemi Isike alipopigana na Wajerumani, na Januari 1893 walipoingia ngome yake akalipua baruti akiwa ndani kuliko kushikwa. Hapa Nyerere alisoma, akarudi kufundisha. Hapa TANU, chama cha kupigania uhuru, walikutana Januari 1958 wakakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambako kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na hapa, 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli. Karakana ya reli, Fundi, umesikia?

Mgebuka Mkavu

Tabora mmeanza. Bado asali tu haijatajwa.

Mnyamwezi Asilia

Asali ipo. Nilikuwa naihifadhi kwa ajili ya hoja ya mwisho.

Mama Pacha

Mimi sina historia, nina uzoefu wa watoto. Sehemu moja kwa siku, na iwe asubuhi. Mbili kwa siku, ya pili ni kilio. Tabora kwa mtoto aliyetoka tu kwenye treni ya Dar juzi ni adhabu, msubirishe kwanza. Na popote mtakapokwenda mwacheni yeye aamue ni lini mmemaliza. Watu wazima huwa tunang'ang'ania kupata thamani ya kiingilio.

Fundi wa Zamani wa Reli

Niongeze habari ya stesheni. Jengo ni la Wajerumani, reli inaishia pale, kutoka Dar ni kilomita zaidi ya 1,200. Mtoto asimame mwisho wa reli kabisa, aangalie nyuma. Habari ya handaki la siri kutoka nyumba ya Kaiser hadi stesheni msimwambie kama ukweli. Nimefanya kazi pale miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu aliyepita ndani yake, ila nimekutana na wengi ambao mjomba wao alipita.

Bibi wa Mwanga

Mrejesho, kama nilivyoahidi kwa wale walioniandikia pembeni.

Jumatano tulikwenda Ujiji, sote watatu. Mzee alisema anatusindikiza tu hadi kituoni, nikashangaa naye kapanda daladala. Usiku wa kuamkia nilikuwa nimemsimulia mtoto habari za Susi na Chuma kama Mwalimu alivyoelekeza, hadi harufu. Tulipofika kwenye zile sanamu mbili, akaziangalia, akacheka kofia, kisha akamgeukia mwongozaji: "Susi yuko wapi?" Mwongozaji naye akacheka, akavuta pumzi, akamsimulia upya safari yote mwanzo hadi mwisho. Mle ndani tulikaa dakika 40. Mgebuka, umekosea nusu.

Lakini sikutegemea yaliyofuata. Tuliteremka hadi ufukweni, mimi nikitafuta mahali pa kuketi tu. Pale kuna mafundi wanaounda boti za mbao, vipe vya dagaa na vingine vikubwa zaidi. Hakuna kiingilio, hakuna kibao cha maandishi. Fundi mmoja mzee alikuwa anatia kalafati, anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaisukumia kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo. Mtoto kasimama. Fundi akamwangalia, akamuuliza, "Wewe wa nani?" Nikamjibu mimi, tukagundua namfahamu dada yake, nilimzalisha. Basi mtoto akapewa nyundo. Alipiga hadi jasho likamtoka, kila baada ya muda anachungulia upande wa ndani kuona kama mwanga bado unapenya. Saa mbili nzima. Babu yake kakaa kwenye gogo anajadili bei ya mbao. Goti langu halikusema neno.

Ijumaa tukaenda stesheni, zamu ya mzee. Ni kweli meli tuliiona kwa mbali tu. Mzee akatoa hotuba yake yote, Papenburg, maboksi 5,000, grisi. Mtoto alinyamaza, nikadhani amechoka. Kumbe anawaza. "Babu, nani alijua boksi la kwanza kufunguliwa ni lipi?"

Mzee wangu, miaka yote ya reli, hakuwa na jibu. Mpaka leo anaisema.

Mchwa tumejaribu Jumamosi. Yeye wanne, mimi mmoja, babu hakuna.

Fundi wa Zamani wa Reli

Swali la mtu mzima hilo! Mwambie kiwanda cha Papenburg kilituma mafundi wake watatu wasafiri na meli hadi Kigoma. Ndio waliokuja kuiunga. Waliokuwa wameijua kabla haijafunguliwa.

Bibi wa Mwanga

Nimemwambia. Kasema, "Na mimi ile redio naijua kabla sijaifungua, zile skrubu mbili hazikuwa na kazi."

Mnyamwezi, wifi yangu ameshinda pia. Tunakuja wiki ijayo, mimi na mtoto, siku mbili. Daraja la pili tutapata usingizi au ni kelele usiku kucha? Na nibebe nini?

Mnyamwezi Asilia

Usingizi mtapata, vitanda vipo, wahi tiketi. Leta sweta, bibi, mwezi wa sita na wa saba Tabora usiku kuna baridi, mtoto wa Dar atashangaa. Kwihara nitawatafutia bajaji ya mtu ninayemwamini, barabara ni ya vumbi. Na lile swali la maboksi mje nalo. Kuna wazee wa reli hukaa chini ya mwembe karibu na stesheni kila jioni, nataka nione nani ataanza kubisha.

Mgebuka Mkavu

Bibi, ukirudi usisahau asali.