Tupeane uzoefu: unabofya seli moja, zinachaguliwa kumi

Wakuu, habari za muda huu.

Jana nilikuwa namalizia jedwali la mishahara kwenye Excel. Nikabofya seli moja, zikachaguliwa zote kuanzia pale nilipokuwa mwanzo. Nikabofya kwingine, eneo likazidi kutanuka. Nikabadilisha kipanya. Nikazima kompyuta na kuiwasha, ikatulia, baada ya saa moja tatizo likarudi. Nilipotupa jicho chini kabisa ya dirisha, kushoto, nikakuta maneno "Extend Selection". Kumbe kila nilipotaka F9 ili hesabu zikokotolewe upya, kidole kilikuwa kinagusa F8 jirani yake, ambayo ndiyo inawasha hali hiyo ya kutanua uchaguzi. Nikabonyeza Esc, yakaisha.

Nusu siku ilipotea hapo, ndiyo maana naomba tupeane uzoefu. Wewe yalikukuta yapi, na ulitokaje?

Karani wa stoo: Kwangu ilikuwa mishale. Nabonyeza mshale wa chini, seli haihami, jedwali zima ndilo linapanda. Ni Scroll Lock. Laptopu yangu haina kitufe hicho, ikabidi nifungue kibodi ya kwenye skrini ya Windows na kubofya ScrLk huko.

Mwalimu wa taaluma: Mkuu, yako ina nafuu, maana uliiona. Mimi nilikuwa na faili la matokeo, kila darasa na shiti yake. Nilizichagua shiti zote kwa pamoja ili nizichapishe, kisha nikasahau kuzitenganisha. Asubuhi nikaanza kurekebisha alama za darasa moja. Kila seli niliyoichagua ilikuwa imechaguliwa kwenye shiti zote, na kila alama niliyoandika ilifuta alama ya mtoto mwingine mahali palepale. Hakuna onyo lolote lililotokea. Dalili pekee ni neno "Group" juu ya dirisha, pembeni ya jina la faili, na vichupo vya shiti kuwa vyeupe vyote. Nilikuja kugundua mzazi alipouliza. Nikarudia kuingiza alama zote kutoka kwenye karatasi za mitihani, siku mbili nzima. Sasa kabla sijaandika chochote nabofya kulia kwenye kichupo na kuangalia kama "Ungroup Sheets" ipo. Ikiwepo, naibofya kwanza.

Mhasibu: Pole sana mwalimu, hiyo inauma.

Langu lilikuwa vichwa vya jedwali. Mtu aliyetengeneza faili aliunganisha seli za safu nne ziwe moja. Nikiburuta kipanya kushuka safu moja, nikipita pale tu zinachaguliwa zote nne. Niliutenganisha muunganiko, nikabonyeza Ctrl+1, upande wa Alignment nikachagua "Center Across Selection". Maandishi yanakaa katikati vilevile na seli zinabaki huru. Kwa maoni yangu, kuunganisha seli kwenye jedwali la hesabu kusifanyike kabisa.

Natumia LibreOffice: Kwenye Calc, programu yake ya majedwali, pia F8 inafanya hivyohivyo. Uzuri wake, kwenye upau wa chini kuna sehemu inayoonyesha namna ya kuchagua. Unaibofya na kuirudisha kwenye ya kawaida.

Fundi: Chini kusipoandikwa kitu, angalia Shift. Ukiibonyeza mara tano mfululizo, Windows inauliza kama uwashe Sticky Keys, na wengi hukubali bila kusoma. Kuanzia hapo, Shift ikibonyezwa mara mbili inajifunga, na kila unapobofya eneo linatanuka. Andika neno: herufi zikitoka kubwa wakati Caps Lock imezimwa, ndiyo hiyo. Na kabla ya kununua kipanya kipya, kijaribu kwenye programu nyingine. Kama maandishi ya huko nayo yanajichagua yenyewe, kitufe cha kushoto kimechoka.

Mwanzisha mada: Asanteni sana wakuu. Baada ya kumsoma mwalimu nimefungua faili la mishahara. Juu pameandikwa "Group", shiti mbili ziko pamoja, na sikumbuki nilizichagua lini. Nimeshazitenganisha, sasa nalinganisha na nakala ya wiki iliyopita, mstari kwa mstari.