Samansi imeletwa dukani nami sijasaini, nimeshaitwa au bado?

MuuzaTaa_Wete: Assalaam alaykum jamaa. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Wete, la ubia wa watu wawili. Juzi kaja mtu wa mahakama na samansi, kamkuta kijana wangu wa kuuza. Mimi sijatia saini popote. Je, imenifikia? Usingizi sipati.

Kojani_Asili: Lipa deni la watu, ndugu yangu.

MuuzaTaa_Wete: Nimeuliza karatasi, sikuuliza deni.

BiMkasi: Marehemu babu yangu aliitwa kwa Kadhi Chake, mirathi ya mikarafuu. Ile barua akafungia halua. Shauri likasikilizwa bila yeye, na mikarafuu ikenda. Halua yenyewe ilikuwa ya Wete!

HakiYako: Biashara ya ubia, hati hupewa mbia yeyote, au anayesimamia shughuli pale pale dukani. Kijana wa kuuza tu si msimamizi. Ingekuwa kampuni, ni mkurugenzi au katibu, au iachwe ofisi iliyosajiliwa. Wewe ulikuwa wapi?

MuuzaTaa_Wete: Karibu.

HakiYako: Karibu wapi?

MuuzaTaa_Wete: Stoo, nyuma ya pazia. Kwani kuingia stoo yangu ni kosa? Kijana nilimwambia asipokee. Yule bwana akabandika mlangoni, sheha, mkuu wetu wa mtaa, akishuhudia. Nimeshaibandua, na tiketi ya boti ya Unguja nimeshakata. Siku ya kesi sitokuwepo.

HakiYako: Kubandua hakufuti kitu. Mpelekaji anarudisha taarifa kortini: kwa nini kabandika, nani kamuonesha mlango, nani kashuhudia. Hakimu akiridhika, umeitwa. Usipotokea, kesi itasikilizwa upande mmoja. Kuomba hukumu itenguliwe kwa kuwa hukuitwa ipasavyo kupo, lakini utamwambia nini sheha?

Mtumbatu: Ngojeni kwanza. Mwezi uliopita jina hili hili lilileta kisa hiki hiki, duka likiwa la vitambaa, Mkoani. Mnajibu mchezo wa redio.

MuuzaTaa_Wete: Ule uzi aliuandika shemegi. Simu hii yake.

BiMkasi: Na mbia wako nani?

MuuzaTaa_Wete: Huyo huyo shemegi.

Mtumbatu: Aliyeshitaki je?

MuuzaTaa_Wete: Yeye.

HakiYako: Subhanallah. Basi ya mbia yeyote yafute, hawezi kujipokelea hati ya kesi yake mwenyewe. Hapo unaitwa wewe binafsi. Boti iahirishe, nenda kwa karani wa mahakama ukachukue nakala, uulize siku ya mwisho ya kuleta majibu.

Kojani_Asili: Na simu mrudishie, asije akaongeza kwenye madai.