Siku 18 kutoka Lubumbashi hadi mlimani, ziwani na baharini pamoja na watoto: je, zinatosha?

Mama Watatu, Kampemba

Wapendwa, nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 14, 11 na 7. Kila likizo kubwa tumekuwa tukienda Likasi kwa shangazi yao na kurudi, lakini mwaka huu mume wangu amepewa ruhusa ya siku 18 kazini kuanzia katikati ya Julai, nasi tumekusudia kuwapeleka watoto safari ya kutembea kwa miguu: wapande mlima wa kweli, walale kando ya ziwa, kisha wafike pwani waonje maji ya chumvi, jambo ambalo mdogo wao haachi kulitaja tangu mwalimu alipowaeleza darasani kwamba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo.

Tumepanga kupita mpaka wa Kasumbalesa, kuvuka Zambia kwa gari letu hadi Tunduma, kupanda Ngosi na Rungwe karibu na Mbeya, kutazama maua ya Kitulo, kushuka Matema kwenye Ziwa Nyasa, kuelekea Udzungwa kwenye maporomoko ya Sanje, na kumalizia Bagamoyo. Mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 66 na goti linalomsumbua anapoteremka, atakuwa pamoja nasi. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hiyo. Je, siku zinatosha? Mtoto wa miaka 7 apande nini na aache nini? Na ni karatasi zipi ambazo watu huzisahau?

Papa Usukani

Mama, shikamoo kwa mama mkwe. Barabara hiyo nimeiendesha kwa lori kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema juu ya barabara tu. Milima nawaachia wenye miguu.

Kutoka Lubumbashi hadi Kapiri Mposhi ni siku moja, endapo mtafika Kasumbalesa alfajiri, kabla foleni haijawameza. Kapiri hadi Mpika ni siku ya pili. Mpika hadi Mbeya, kupitia mpaka wa Nakonde na Tunduma, ni siku ya tatu, na msisahau kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo sogezeni saa zenu mkivuka. Kutoka Mbeya hadi pwani zinabaki zaidi ya kilomita 800, ambazo kwa gari lenye watoto na mzee ni siku mbili, kwa sababu kuna mteremko wa Kitonga unaopandwa na kushukwa na malori kwa mwendo wa kinyonga, na kuna sehemu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo hupunguzwa kwa ajili ya wanyama wanaovuka.

Sasa hesabu mwenyewe. Siku tatu za kwenda Mbeya na tatu za kurudi ni sita; siku mbili za kushuka pwani na mbili za kupanda tena ni nne. Siku kumi kati ya kumi na nane mtazipitisha kitini, na nane zinazobaki ndizo mnazotaka kuzigawa kwa milima miwili, maua, ziwa, maporomoko na bahari. Hiyo si safari ya kutembea kwa miguu, Mama. Ni kazi yangu mimi, na mimi nalipwa.

Jambo jingine ni usukani. Kwetu tunashika kulia, lakini ukivuka tu Kasumbalesa unashika kushoto, Zambia yote na Tanzania yote. Ikiwa usukani wa gari lenu uko kushoto, dereva hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka awe ameshatoa nusu ya gari barabarani. Wekeni mtu mzima kiti cha mbele awe macho ya dereva, na usiku msiendeshe kabisa.

Muuguzi wa Katuba

Ninaongeza kuhusu karatasi. Mtaombwa kadi mbili, zote huitwa za njano, na watu huzichanganya: moja ni bima ya gari ya COMESA, ambayo inatambuliwa Zambia na Tanzania, na nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mume wangu aliwahi kusimama dirishani kwa dakika nzima akimnyoshea afisa wa afya bima ya gari, naye afisa akaisoma yote kwa adabu kabla ya kuirudisha. Cheti cha chanjo kila mmoja awe na chake, hata mtoto wa miaka 7, nacho huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Asiyechanjwa asingoje wiki ya safari. Ambaye alikwisha kuchanjwa zamani harudii, kwani tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Pasipoti ni ya kila mtu, watoto pia. Kuhusu viza, nendeni kwenye konsula mkaulize wenyewe, msitegemee maneno ya jirani aliyesafiri mwaka juzi. Gari likiwa si la jina lenu, chukueni barua ya mwenye gari.

Matema kuna mbu wengi kuliko mlimani, kwa hiyo bebeni vyandarua vyenu. Katika Ziwa Nyasa kuna kichocho: watoto waoge kwenye mchanga ulio wazi wenye mawimbi, wasiingie penye matete wala kwenye midomo ya mito, ambako pia kuna mamba. Mkirudi, ngojeni wiki sita au zaidi ndipo muwapeleke watoto wapimwe, kwa sababu dawa ya kichocho, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga.

Dada wa Tukuyu

Mimi nimezaliwa Tukuyu, mji ulio karibu na Mlima Rungwe, na nimeolewa hapa Lubumbashi, kwa hiyo nimefurahi kuona kwetu kumekumbukwa. Lakini Mama, maua ya Kitulo yafuteni kwenye mpango. Yanachanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Julai mtakuta nyasi, upepo na baridi ya mita 2,600, na watoto watawauliza maua yako wapi.

Rungwe nao una zaidi ya mita 2,900, na kupanda na kushuka ni siku nzima ya mtu mwenye pumzi. Baba na kijana wa miaka 14 wanaweza kwenda na mwongozaji, wakaondoka kabla ya mapambazuko. Wengine mpande Ngosi. Mlima huo una ziwa ndani ya kreta yake, na njia inapita kwenye msitu mnene wa migomba mwitu na mianzi. Mwanzo ni rahisi, kisha karibu na ukingo njia inasimama kama ngazi, unashika mizizi kwa mikono. Hapo ndipo viatu vinapohukumiwa. Mwaka tuliompeleka binti yangu alivaa viatu vya shule, vile vyeusi vyenye soli laini, na akapanda hatua mbili akirudi moja. Aliposhuka, soksi zilikuwa zimeloa tope na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Tafuteni viatu vyenye meno chini, vya mitumba vinafaa, mradi viwe vimevaliwa mwezi mzima kabla ya safari. Mkifika ukingoni mtaliona ziwa chini kabisa, la kijani. Litazameni kutoka juu, msishuke.

Bibi asipande. Akae Tukuyu mnywe naye chai ya huko, kisha siku inayofuata mpelekeni Daraja la Mungu, daraja la mawe lililojengwa na moto wa volkano wenyewe juu ya Mto Kiwira, ambako gari linafika karibu, nalo goti lake halitalalamika. Na msidhani kiangazi cha kwetu ni kama cha Lubumbashi, kikavu mpaka midomo inapasuka. Tukuyu ukungu na manyunyu huja hata Julai. Bebeni makoti ya mvua.

Kijana wa Ruashi

Kwa nini muhangaike na mipaka miwili? Nendeni Hifadhi ya Kundelungu mkaone maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300, tena ni yetu.

Papa Usukani

Kijana, kiangazi kikikomaa Lofoi hubaki uzi. Mpeleke mtu mwezi wa tatu, na gari la kupita matope.

Mwalimu Mstaafu, Kamalondo

Nimesoma yote, nami nataka kuitetea bahari kidogo, kwa kuwa ni mtoto aliyeiomba. Kiswahili hiki tunachoandikiana kililetwa huku na misafara iliyotoka pwani hiyo hiyo, Bagamoyo ikiwa mlango wake, na watu walitembea miezi. Hata hivyo, Julai ni msimu wa kusi. Upepo ni mkali na maji huchafuka, na mtu wa bara asiyejua maji kupwa na maji kujaa anaweza kuweka mkeka wake mahali ambapo baada ya saa chache ni bahari. Kwa siku mbili watoto hawataizoea. Bahari ipewe likizo yake yenyewe, mwaka mwingine.

Kwa mwaka huu kumbukeni fedha. Sisi tumezoea kulipa kila kitu kwa dola, lakini tangu 2025 Tanzania imekataza kutoza na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisheni muwe na shilingi. Na vile visashe vya plastiki tunavyofungia mikate na karanga viacheni Nakonde, kwa maana Tanzania imevipiga marufuku tangu Juni 2019.

Mama Watatu, Kampemba

Nawashukuru wote. Jana usiku tulikaa mezani na kalenda, na Papa Usukani alishinda. Tumefuta Kitulo, Udzungwa na Bagamoyo. Sasa ni siku tatu za kwenda, usiku tano Tukuyu, usiku nne Matema, siku tatu za kurudi, na siku zinazobaki ni akiba ya Kasumbalesa na ya magonjwa ya tumbo. Baba na kijana watapanda Rungwe. Mimi na hawa wawili tutapanda Ngosi. Mama mkwe amesema ataketi Matema atazame vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, na kwamba hataki mtu amshike mkono.

Kuanzia Jumamosi hii tutakuwa tukitembea kilomita nane njia ya Kipopo na viatu vipya. Mdogo wetu alinuna mpaka akala nusu ya bukari yake tu, kisha akauliza kama anaweza kubeba chumvi kwenye kichupa aitie ziwani.

Dada wa Tukuyu

Mruhusu, Mama. Lakini mwambie achague kona ndogo.